Thuo wa Magunia na Kaburi la Mgomba

Thuo mwana wa Gathii anauza magunia mjini Kitale, karibu na soko, na kwa miaka ishirini na sita kazi hiyo imemlisha yeye na mkewe Gladwell bila kuwaaibisha. Hununua magunia yaliyotumika, huyakung'uta, hushona yaliyotoboka kwa sindano ndefu na uzi wa katani, kisha msimu wa mavuno ukifika hukaa juu ya rundo lake na kungoja wakulima waje kumbembeleza. Mtu anayemeza vumbi la mahindi kutwa ungetarajia awe na koo bovu. Koo la Thuo ni zima kabisa, na majirani wake wa mtaa wa Tuwan wangependa sana lingekuwa bovu.

Jumamosi na siku za mechi huwa kwenye kibanda cha video pale Tuwan, benchi la mbele, kofia magotini. Huko ndiko alikojiteua kuwa idara ya uhamiaji. Timu ya taifa ikicheza, na kocha akimwingiza mchezaji aliyezaliwa Uswidi au Uingereza au kokote kule ambako watoto hunywa maziwa baridi, Thuo husimama akaziba skrini kwa mgongo wake.

"Huyu naye ni wa nani?" huuliza. "Ameshuka ndege jana, leo amepewa jezi! Si mnipe mimi basi? Mimi angalau nimekuja na miguu!"

Alikuwa na mitihani yake. Je, kijana huyu anaweza kumaliza ugali bila kuuliza kijiko kiko wapi? Amewahi kupanga foleni ya mbolea tangu alfajiri akaambiwa imekwisha? Anajua ubeti wa pili wa wimbo wa taifa? (Thuo mwenyewe ukifika ubeti wa pili hufungua mdomo tu, sauti haitoki.) Lakini mtihani mkuu ulikuwa mmoja.

"Babu yake amezikwa wapi? Mkenya ni mtu ambaye ukimuuliza babu yake amezikwa wapi, anakuonyesha kwa kidole. Wengine wote ni watalii tu, wamevaa jezi."

Kuna mtu alimrekodi akisema hayo, ikawa video ya dakika moja na nusu, ikazunguka kwenye simu za watu kutoka Kitale hadi Bungoma mjini. Thuo aliiona mara nyingi kuliko mtu yeyote. Alisema tatizo lake ni moja tu, kwamba kofia haikuonekana vizuri.

Sasa, ungedhani mtu kama Thuo angekuwa na huruma katika jambo hili. Baba yake, mzee Gathii, alitoka Nyeri mwanzoni mwa miaka ya sitini, akafanya kazi katika mashamba ya wazungu, kisha akanunua ekari zake Ndalu, upande wa Bungoma. Thuo alizaliwa huko Ndalu. Nyeri amefika mara tano, na mara zote tano binamu zake walicheka Kikuyu chake hadi wakashika mbavu, wakamwita Mluhya. Akirudi Ndalu, jina lake linamtangulia, anaulizwa kwao ni wapi. Na huko Kitale, kila uchaguzi ukikaribia, mtu aliyemuuzia magunia juzi anamuuliza kwa upole uleule wa kuudhi: lakini wewe kwenu hasa ni wapi? Mtu aliyekaguliwa mlangoni maisha yake yote, alipopewa mlango wake mwenyewe, akawa mkaguzi kuliko wote. Binadamu ni kiumbe cha ajabu, na Thuo ni binadamu sana.

Basi Jumatatu moja simu ikalia kutoka Oulu, Ufini. Alikuwa Mary Ann, binti yake wa kwanza, muuguzi, aliyeondoka miaka ishirini na mmoja iliyopita na sanduku moja na sweta mbili.

"Baba, Kim ameitwa."

"Ameitwa na nani? Polisi?"

"Na Kenya! Timu ya vijana chini ya miaka ishirini. Wamemtaka beki wa kushoto."

Kim ni mjukuu wa Thuo, ana miaka kumi na tisa, na amekanyaga Kitale mara mbili tu, mara ya kwanza akiwa na miaka minne, akalia kwa sababu kuku walikuwa wanatembea bila kamba. Thuo alishika simu akakaa kimya. Gladwell, ambaye hajamwona mumewe akikaa kimya tangu wafunge ndoa, alikuja kuhakikisha kama bado anapumua. Alipoelezwa aliketi juu ya magunia akacheka hadi machozi.

"Mtalii amepatikana," alisema. "Kumbe yuko kwetu!"

Shida ilikuwa karatasi. Ili Kim apewe pasipoti ya Kenya, ilitakiwa kuthibitishwa kwamba mama yake alizaliwa hapa. Mary Ann alikuwa na cheti, kikapotea akihama nyumba huko Oulu, na namba yake hakuna aliyeikumbuka. Ofisini Bungoma walisema hakuna neno, alete barua ya naibu wa chifu wa mahali alipozaliwa, iliyotiwa sahihi na jirani mzee anayejua kuzaliwa kwake. Lakini kufikia Ijumaa ya wiki inayofuata. Baada ya hapo nafasi ingepewa kijana mwingine, na kocha hakuwa mtu wa kuita mara mbili.

"Baba, analala na ile barua ya kuitwa," Mary Ann alisema. "Huku wanamuuliza ametoka wapi tangu chekechea. Hii ni mara ya kwanza ana jibu. Tafadhali."

Thuo alisema sawa, ni kitu kidogo. Halafu akakata simu akaangalia viatu vyake, kwa maana hakikuwa kitu kidogo hata chembe. Mary Ann alizaliwa nyumbani Ndalu, mwaka wa themanini na nne, usiku wa mvua, mikononi mwa mama wa jirani. Mama huyo amekwisha kufa. Waliokuwa karibu siku ile wamekufa au wamehama. Amebaki mwanawe peke yake, Mukhwana, na Mukhwana na Thuo walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na mitatu.

Na si kwamba walikuwa majirani tu. Mwaka wa sabini na nane mzee Gathii alikuwa amepanga kumpeleka kijana wake hospitali Kitale akatahiriwe kistaarabu. Kijana akatoroka. Asubuhi ya Agosti alikuwa mtoni na Mukhwana na vijana wengine wa Ndalu, amepakwa matope mwili mzima, anatetemeka kwa baridi, na alisimama mbele ya kisu bila kupepesa. Wabukusu humwita mtu mliyesimama naye siku hiyo omukoki. Omukoki wako ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako na huna haki ya kukasirika. Binti yako ni binti yake. Gathii alimchapa mwanawe bakora mbili alipopona, kisha akachinja mbuzi akaita majirani wote.

Kilichowatenganisha ni maziko ya Gathii mwenyewe. Mzee alipofariki, watu wa Ndalu walifanya kama kawaida yao. Walikuja bila kuitwa, wakaleta kuni, wanawake wakapika, na Mukhwana akaongoza vijana kuchimba kaburi nyuma ya nyumba, siku nzima, kwenye udongo ule mgumu. Kaburi likakamilika. Jioni hiyohiyo ikaja kamati kutoka Kitale, wazee wa watu wa Nyeri waliovaa makoti, wakamwambia Thuo kwamba mtu mwenye heshima huzikwa kwao, kwamba gari limelipiwa, kwamba watu watasema nini. Thuo aliona aibu mbele ya makoti yale. Alfajiri mzee alipakiwa akapelekwa Nyeri, akazikwa kando ya watu ambao hakuwa amewaona kwa miaka hamsini. Ndalu wakaamka wakakuta kaburi wazi na matanga hayana maiti.

Kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, hiyo kila mtu huku anajua, litamtafuta wa kulijaza. Mukhwana akaenda shambani kwake, akakata mgomba mnene, akauvika koti la zamani la Gathii, akauzika huku wachungaji wawili wa kanisa wakiimba. Watu walilia kweli. Thuo hakuwapo.

Tangu siku hiyo, ekari mbili zilizobaki za Gathii hulimwa na Mukhwana kwa mpango uliofanywa na Gladwell, ili wanaume wawili wazima wasilazimike kuongea.

Jumatano ya wiki iliyofuata Thuo alivaa koti lake la kanisani akaenda Ndalu. Naibu wa chifu ni mwanamke, Phelista Nakhungu, mfupi, mwenye miwani ya kamba, na hana haraka na mtu. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa simu yake mkobani, akaiweka mezani, akabonyeza.

"Babu yake amezikwa wapi?" simu ikabweka kwa sauti ya Thuo. "Wengine wote ni watalii tu!"

"Huyu si wewe, mzee?" Phelista akauliza.

"Ni mimi," Thuo akasema. "Kofia haionekani vizuri."

"Mimi barua naweza kuandika sasa hivi. Muhuri ninao. Lakini bila sahihi ya Mukhwana ni karatasi ya kufungia njugu. Twende kwake."

Walimkuta Mukhwana uani, amekaa kwenye kibao, anapukuchua mahindi kwa mkono. Hakuinuka. Alikuwa amenenepa, na nywele zilikuwa zimemtoka. Thuo alishangaa jinsi alivyofurahi kumwona, na akajikasirikia kwa furaha hiyo.

"Mulembe," Thuo akasema.

"Mulembe. Naona serikali imeniletea mgeni." Mukhwana akatupa gunzi kwa kuku. "Ati unataka nini, bana?"

Phelista akaeleza. Mukhwana akasikiliza huku vidole vyake vikiendelea na kazi. Alipomaliza, akamgeukia Thuo.

"Hiyo sheria yako ya simu nimeisikia. Ni sheria mzuri, mimi naikubali. Sasa tuitumie. Babu yake huyo kijana amezikwa wapi?"

"Babu yake Kim ni mimi. Sijafa."

"Hiyo naona, kwa bahati mbaya. Tupande juu basi. Babu yake Mary Ann amezikwa wapi?"

Thuo akavua kofia akaishika.

"Si ni Nyeri? Basi msichana ni wa Nyeri. Enda Nyeri, wakusainie. Waambie walishika huyo mtoto akitoka tumboni."

"Mukhwana, usinifanye hivyo. Huko hakuna mtu anamjua."

"Na huku nani anamjua? Sisi ni watu wa kuchimba tu. Tunachimba kabuli, mnabeba maiti."

Kuku wakagombania gunzi. Phelista akavua miwani akaipangusa kwa leso, ingawa haikuwa chafu. Thuo alikuwa na maneno mengi kooni, ya utani na ya hasira, kama kawaida yake, na alijua kwamba hata moja halifai hapo. Alifikiria kijana wa Oulu aliyelala na barua.

"Nisamehe," alisema.

"Mimi sitaki samahani. Samahani nitapika?" Mukhwana akainuka, magoti yakalia. "Nataka kukuuliza kitu kimoja, na nikuulizie palepale."

Wakaenda nyuma ya nyumba ya zamani ya Gathii, ambayo paa lake lilikuwa limeliwa na kutu. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Katikati yake palikuwa na kaburi limesakafiwa kwa simiti ya kijijini, na juu yake mtu ameandika kwa msumari kabla haijakauka: GATHII. Halikuwa na tarehe wala mstari wa Biblia. Kando yake kulikuwa na ukanda wa ardhi mtupu, upana wa kitanda, haukulimwa wala kupandwa kitu, magugu yake yamefyekwa.

"Mzee wako alikuwa amelala chumba kile," Mukhwana akasema, akionyesha dirisha lisilo na kioo. "Siku tatu kabla. Ulikuwa umekaa na yeye. Alikuambia nini?"

Thuo angeweza kudanganya. Amedanganya wakaguzi wakali kuliko huyu. Lakini alikuwa amechoka na uongo huo, ulikuwa umemkaa kifuani miaka kumi na mitatu na hakuwahi kumwambia hata Gladwell.

"Alisema azikwe hapa," alisema. "Alisema, usinipeleke kwa baridi, sina mtu huko. Nikamwambia sawa, Baba. Halafu wale wakaja na makoti yao, nikaona aibu kuwaambia kwamba mzee wa watu anataka kuzikwa Ndalu. Nikamuuza baba yangu kwa sababu ya makoti."

Akalia. Hakulia kwa adabu, alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zikitoka, mzee mzima ndani ya koti la kanisani. Phelista akageuka akaangalia mahindi.

"Nilikuwa nyuma ya dilisha," Mukhwana akasema. "Nilisikia. Kwani nilichimba bila kuulizia?"

"Na mbona hukusema?"

"Baba alikuwa wako. Ilikuwa wewe useme." Akamwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamsukuma bega. "Sasa jibu lile ingine. Wewe utazikwa wapi?"

Thuo akaangalia ule ukanda mtupu kando ya kaburi. Polepole, kama mtu anayesoma herufi kubwa, akaelewa ni wa nani, na kwamba mtu alikuwa ameufyeka misimu ishirini na sita, miwili kwa mwaka, akiwa na hasira.

"Hapa," akasema.

"Sema tena, selikali isikie."

"Hapa, Ndalu. Wakija na makoti, uwafukuze."

"Lala basi tupime. Umenenepa, usije ukaingia kwa mahindi yangu."

Akalala. Nawaambia ukweli, Thuo wa magunia alilala chali kwenye udongo na koti lake, mikono kifuani, na omukoki wake akapima kwa hatua kutoka kichwani hadi miguuni, akitukana urefu wake, tumbo lake, na pua yake ya Nyeri. Phelista alicheka hadi miwani ikamtoka.

Barua iliandikwa pale pale juu ya simiti. Ilipofika mahali pa uhusiano na aliyezaliwa, Mukhwana akaandika *baba*.

"Hapana, mzee," Phelista akasema. "Baba ameshajaza. Wewe andika jirani."

"Mimi na huyu tulisimama mto moja. Mtoto wake ni wangu. Siandiki uongo kwa karatasi ya selikali."

"Bungoma watairudisha! Ni keshokutwa tu!"

"Wakiludisha nitakuja mimi mwenyewe niwaeleze."

Haikurudishwa. Mama mmoja wa makamo kwenye dirisha la ofisi Bungoma aliisoma mara mbili, akamtazama Thuo juu hadi chini, akauliza huyu baba wa pili ni nani. Thuo akamwambia. Mama akaguna, akagonga muhuri, akasema anayefuata.

Kim alicheza miezi miwili baadaye, mechi ya kirafiki, mchana wa Jumapili. Thuo hakuiangalia Tuwan. Alienda Ndalu, kwenye hoteli ya sokoni yenye televisheni, akakaa kati ya Mukhwana na Phelista, na hoteli ilikuwa imejaa watu waliotoka kanisani. Kijana aliingia dakika ya sabini na tisa, mrefu, miguu myembamba ya ukoo wa Gathii, jezi ikimpwaya. Thuo akaweka kikombe cha chai mezani. Dakika ya themanini na nne Kim alimkanyaga mtu ndani ya kisanduku, mbele ya refa, mahali ambapo hata kipofu angeona. Penalti. Bao.

Hoteli ikanguruma. Mtu mmoja nyuma, mgeni aliyepita kununua vitunguu, akapaza sauti: "Huyo ametolewa wapi?"

Thuo akafunga macho. Alijua kinachofuata, maana yeye ndiye aliyewafundisha watu. Lakini Mukhwana alikuwa amekwisha kusimama, kikombe mkononi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Ng'ombe!" alifokea televisheni. "Ng'ombe kabisa! Mguu kama ufagio, akili kama ufagio! Mjinga kama babu yake!" Kisha akamgeukia yule mgeni, na sauti yake ikashuka. "Wewe nyamaza. Huyo ni mtoto wetu."

Watu wa Ndalu wakadakia, kila meza na tusi lake, wakamtukana Kim tangu visigino hadi utosini, wakamtukana mama yake kwa kumlisha samaki wabichi, wakamtukana Thuo kwa kumzaa huyo mama. Thuo alikaa katikati ya kelele zile na chai yake imepoa. Hakuna siku jamaa zake wa Nyeri walimpokea vizuri namna hiyo. Akaagiza chai nyingine, na ya Mukhwana, na ya yule mgeni wa vitunguu.